Mitambo ya Redio: Jinsi Mataifa Yanavyoazimana



Katika kijiji si kila mtu ana plau. Tuseme Juma ana maksai, lakini hana plau. Maria ana plau, lakini hana maksai. Kila mmoja akikaa peke yake, mvua zitaanza na mashamba yao hayajalimwa. Wakipatana, wote wawili watalima. Lakini lazima wapatane kwanza. Nani atalima kwanza? Kwa siku ngapi? Plau ikivunjika, nani atalipa?

Mashirika makubwa ya redio duniani yamefanya mapatano ya namna hiyo kwa miaka mingi. Badala ya plau, wao wameazimana mitambo ya kurushia matangazo. Huenda na wewe umewahi kufaidika na mapatano hayo bila kujua. Ulisikia habari za Kiswahili zilizosomwa Ulaya, lakini mtambo uliozirusha ulikuwa Afrika, au kisiwani katika Bahari ya Hindi.

Katika somo hili utajifunza mambo manne:

1. Kwa nini shirika la redio linahitaji mtambo ulio mbali na kwao.
2. Jinsi mashirika yanavyobadilishana saa za kutangaza.
3. Jinsi yanavyogawana namba za masafa ili yasigongane.
4. Linalotokea mwenye mtambo anapouzima.

Safari ya sauti

Redio iliyo mezani kwako hupokea tu. Mtangazaji husoma habari katika studio. Sauti yake hupelekwa kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Mtambo huitoa hewani kwa njia ya mawimbi, kupitia nyaya zilizofungwa kwenye milingoti mirefu.

Nguvu ya mtambo hupimwa kwa kilowati. Kilowati 1 ni wati 1,000. Mitambo mingi ya kutangazia nchi za mbali ina nguvu ya kilowati 250. Hizo ni wati 250,000. Ni sawa na nguvu ya balbu 2,500 za wati 100 zinazowaka kwa pamoja. Sasa unaweza kukisia bili ya umeme inayolipwa kila mwezi.

Mawimbi ya FM hayaendi mbali. Mlima mkubwa huyazuia. Mawimbi ya masafa mafupi ni tofauti. Hayo hupaa juu, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini. Huko kuna tabaka za hewa zilizochajiwa umeme na mwanga wa jua. Tabaka hizo huyarudisha mawimbi chini, kama ukuta unavyorudisha mpira. Yakifika chini hudunda na kupaa tena. Kwa midundo hiyo mawimbi yanaweza kufika bara jingine.

Lakini kila mdundo hupunguza nguvu. Kutoka Ujerumani hadi Tanzania ni zaidi ya kilomita 6,000. Mawimbi yakifika huwa yamechoka. Sauti hupanda na kushuka, na mara nyingine hupotea kabisa. Kwa hiyo shirika hutafuta mtambo ulio karibu zaidi na wasikilizaji wake. Mtambo huo huitwa kituo cha kupokezana. Zamani kituo kama hicho kilipokea vipindi kwa redio, au kwa kanda zilizoletwa kwa ndege. Baadaye vipindi vilipelekwa kwa setilaiti.

Kujenga kituo ni gharama kubwa. Tena huwezi kujenga katika nchi ya watu bila ruhusa yao. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Kanada na wenzake: nipe nikupe

Tutazame mfano wa Kanada. Mwaka 1945 shirika la redio la nchi hiyo lilifungua rasmi mitambo ya masafa mafupi katika mji mdogo wa Sackville, mashariki mwa Kanada. Mahali hapo ni tambarare yenye majimaji, karibu na bahari. Ardhi yenye maji ya chumvi ni nzuri kwa milingoti ya redio. Na kutoka pwani hiyo, mawimbi huvuka Bahari ya Atlantiki na kufika Ulaya bila taabu kubwa.

Lakini Kanada ilitaka kusikika Asia pia. Hapo palikuwa na tatizo. Njia ya karibu kutoka Kanada kwenda Asia hupita upande wa ncha ya kaskazini ya dunia. Huko chembe zinazotoka kwenye jua huivuruga hewa ya juu, na mawimbi hupotea. Japani nayo ilikuwa na tatizo hilo hilo kwa upande wake. Ilitaka kusikika Amerika ya Kaskazini, lakini mawimbi yake yalipita katika njia hiyo hiyo mbaya.

Dawa ilikuwa kubadilishana. Vipindi vya Japani vilirushwa kutoka Sackville kwa wasikilizaji wa Amerika. Vipindi vya Kanada vilirushwa kutoka Yamata, huko Japani, kwa wasikilizaji wa Asia. Kanada ilikuwa na mapatano ya namna hiyo na mashirika mengine pia, kama ya Uingereza, Ujerumani, Korea ya Kusini na China. Hivyo mtambo mmoja wa Sackville uliweza kusema kwa sauti za mataifa mengi katika siku moja.

Je, saa zilipimwaje? Tufanye hesabu kidogo. Huu ni mfano wetu wa kujifunzia tu. Tuseme shirika la kwanza lina mtambo wa kilowati 250. Linampa mwenzake saa 2 kila siku:

250 × 2 = 500

Shirika la pili lina mtambo wa kilowati 100. Litoe saa ngapi ili mapatano yawe sawa?

500 ÷ 100 = 5

Jibu ni saa 5. Lakini nguvu si jambo pekee. Saa ya jioni, watu wanapokuwa nyumbani wakisikiliza, ina thamani kuliko saa ya usiku wa manane. Mlingoti unaoelekea kwenye watu wengi una thamani kuliko unaoelekea baharini. Mambo haya yote huwekwa mezani na kujadiliwa.

Kujenga kwa shirika

Njia ya pili ni kujenga pamoja. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, na Deutsche Welle ya Ujerumani walifanya hivyo katika kisiwa cha Antigua, huko Karibiani. Waliunda kampuni moja, wakajenga kituo kimoja. Kituo hicho kilianza kazi mwaka 1976. Kilifungwa mwaka 2005.

Kumbuka kwamba mataifa haya mawili yalipigana vita kali, iliyokwisha mwaka 1945. Katika vita hiyo redio zao zilishindana kila usiku. Baada ya miaka 31 tu walikuwa wakitumia mitambo ya pamoja. Watu waliogombana wanaweza kushirikiana kazi, kama kila mmoja anaona faida yake na mapatano yako wazi.

Vituo vya karibu nasi

Deutsche Welle ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1963. Katika miaka hiyo ilifanya mapatano na serikali ya Rwanda, ikajenga kituo Kigali. Kituo hicho kilikuja kuwa na mitambo 4, kila mmoja wa kilowati 250. Kwa miaka mingi kilirusha vipindi vya lugha mbalimbali kwa Afrika, Kiswahili kikiwamo. Kilifungwa mwezi Machi 2015.

BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957. Mwaka 1988 ilifungua kituo katika kisiwa cha Mahe, Ushelisheli. Mawimbi kutoka huko yalivuka bahari na kuingia Afrika ya Mashariki kwa nguvu. Kituo hicho nacho kilifungwa, mwaka 2014.

Huko Madagaska, shirika la redio la Uholanzi lilijenga kituo mahali paitwapo Talata Volonondry. Kilianza mwaka 1972. Mwaka 2012 shirika hilo liliacha kutangaza kwa redio. Lakini mitambo haikubomolewa. Iliendelea chini ya kampuni ya Kimadagaska, ambayo hukodisha saa kwa mashirika ya nje.

Linganisha mifano hii. Kigali na Mahe, mgeni alipoondoka, kazi ilikwisha. Talata Volonondry, mgeni alipoondoka, wenyeji walibaki na ujuzi na mitambo ya kuwaingizia fedha. Mwenyeji mwenye busara hafurahii kodi ya ardhi peke yake. Huuliza pia: vijana wetu watafundishwa ufundi? Na mkataba ukiisha, mitambo itakuwa ya nani?

Kugawana namba za masafa

Kuwa na mtambo hakutoshi. Vituo viwili vikitangaza kwa namba moja ya masafa, saa moja, kwa eneo moja, msikilizaji hasikii hata kimoja. Husikia kelele, kama wazee wawili wanaohutubia mkutano mmoja kwa wakati mmoja.

Zamani namba huandikwa kwenye redio kwa mita au kwa kilohezi. Unaweza kugeuza moja kuwa nyingine. Gawanya 300,000 kwa kilohezi, upate mita:

300,000 ÷ 6,000 = mita 50
300,000 ÷ 15,000 = mita 20

Usiku namba ndogo za kilohezi husafiri vizuri zaidi. Mchana namba kubwa ndizo zinazofaa. Majira ya mwaka nayo hubadili hali ya hewa ya juu. Hata madoa ya jua, yanayoongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, hubadili usikivu. Kwa hiyo ratiba ya masafa mafupi haiwezi kupangwa mara moja kwa miaka yote.

Wakati wa vita baridi mambo yalikuwa mabaya. Kila upande ulishika namba nyingi kuliko mahitaji yake. Urusi ya Kisovieti na washirika wake walirusha kelele makusudi ili watu wao wasisikie redio za nchi za Magharibi. Kelele hizo zilikoma mwaka 1988.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mafundi wa pande zote mbili walianza kukutana. Kila mmoja alileta orodha yake: tunataka namba hii, saa hizi, kutoka mtambo huu, kuelekea eneo hili. Orodha zililinganishwa. Palipoonekana mgongano, wahusika wawili walikaa meza moja. Mmoja alisogea kidogo, na mwingine alisogea kidogo. Mikutano hiyo imekuwa ikifanywa mara mbili kwa mwaka. Ratiba hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Angalia jambo moja. Katika mikutano hiyo hapakuwa na hakimu wa kuwaamuru. Waliafikiana kwa sababu kila mmoja alijua kwamba bila mapatano wote watapoteza wasikilizaji. Mwaka 1997 utaratibu huu wa kupatana uliingizwa katika kanuni za redio za dunia, kwenye mkutano wa Geneva.

Mtambo kwa ajili ya ukombozi

Si kila aliyeazima mtambo alilipa kwa fedha au kwa saa. Tanganyika ilipopata uhuru, nchi nyingi za kusini mwa Afrika zilikuwa bado zinatawaliwa kwa mabavu. Vyama vya ukombozi havikuwa na redio katika nchi zao. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa nafasi katika mitambo yake. Wapiganaji wa FRELIMO walisema na watu wa Msumbiji kutoka Dar es Salaam. SWAPO walisema na watu wa Namibia. ANC ya Afrika Kusini nayo ilitangaza kutoka Tanzania tangu miaka ya 1960, na baadaye kutoka nchi nyingine rafiki pia, kama Zambia na Angola.

Huko nyumbani kwao, msikilizaji alifunga mlango na kupunguza sauti ya redio. Akikamatwa aliweza kufungwa. Lakini alisikia lugha yake, na alijua kwamba hajasahauliwa. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na Namibia mwaka 1990. Afrika Kusini ilifanya uchaguzi wa watu wote mwaka 1994.

Mwenye mtambo akiuzima

Wahenga walisema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kuazimana kuna faida, lakini kuna hatari zake.

Hatari ya kwanza ni mwenye mtambo kuishiwa fedha au kubadili nia. Mwaka 2012 bajeti ya redio ya Kanada ya matangazo ya nje ilipunguzwa kutoka dola milioni 12.3 hadi milioni 2.3 kwa mwaka. Tarehe 24 Juni 2012 redio hiyo iliacha masafa mafupi. Kabla mwaka haujaisha, mitambo yote ya Sackville ilizimwa. Milingoti iliangushwa baadaye. Kumbuka kwamba wengine pia walikuwa wakirusha kutoka hapo. Wao hawakupunguziwa bajeti na Kanada, lakini ilibidi watafute mahali pengine. Mwenye nyumba akibomoa, mpangaji hulala nje.

Hatari ya pili ni machafuko. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, watumishi Wajerumani wa kituo cha Kigali walikwama, na ilibidi waokolewe na askari wa nchi za nje. Wananchi wa Rwanda wenyewe hawakuwa na wa kuwaokoa.

Hatari ya tatu ni ugomvi kati ya mgeni na mwenyeji. Siku hizi mashirika mengi ya nje husikika kwa FM, kupitia mitambo iliyo ndani ya nchi. Sauti ni safi, lakini ruhusa iko mikononi mwa serikali. Mwezi Oktoba 2014 Rwanda ilisimamisha matangazo ya BBC ya Kinyarwanda kwenye FM, kwa sababu ya filamu ya televisheni ya shirika hilo iliyoilalamikia. Mwaka 2018 Burundi ilisimamisha BBC na Sauti ya Amerika. BBC iliruhusiwa tena mwaka 2022. Somo hili haliamui nani alikuwa na haki. Linakuonyesha tofauti. Mtambo wa FM ulio mjini huzimwa kwa barua moja. Mawimbi mafupi yanayotoka nchi nyingine hayazimwi kwa barua.

Ndiyo sababu watu wengine husikitika masafa mafupi yanapopungua. Ni kweli kwamba leo watu wengi hupata habari kwa simu. Simu ni chombo kizuri. Lakini simu inahitaji mnara wa karibu, inahitaji salio, na mnara huo nao una mwenyewe. Redio ndogo ya betri mbili haimwombi mtu ruhusa.

Tumejifunza nini?

Huna mtambo wa kilowati 250. Lakini kijiji chako kina mashine ya kusaga, au trekta la ushirika, au pampu ya maji, au redio ya jamii inayotaka kutumia mnara wa mtu mwingine. Mapatano yenu yanahitaji majibu ya maswali yale yale. Kabla ya kutia sahihi, hakikisheni mambo haya yameandikwa:

1. Chombo ni cha nani.
2. Kila mmoja atakitumia saa zipi na siku zipi.
3. Kila mmoja anatoa nini: fedha, kazi, mafuta, au saa.
4. Kikiharibika, nani atatengeneza na nani atalipa.
5. Anayetaka kujitoa atoe taarifa miezi mingapi mbele.
6. Mkataba ukiisha, chombo na ujuzi vitabaki kwa nani.

Jambo la tano na la sita husahauliwa mara nyingi, kwa sababu mwanzoni wote wanacheka. Msiyasahau. Na kila mmoja abaki na nakala yake. Mtu asiyejua kusoma hulazimika kuamini anachoambiwa kwamba kimeandikwa. Wewe sasa unajua kusoma. Soma mpaka mstari wa mwisho.

Maneno mapya

*Kilowati* – kipimo cha nguvu ya umeme. Ni wati 1,000.
*Kilohezi* – kipimo cha namba ya masafa ya redio.
*Masafa mafupi* – mawimbi ya redio yanayoweza kufika nchi za mbali.
*Mkataba* – mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
*Mlingoti* – nguzo ndefu ya kushikilia nyaya za redio.

Maswali

1. Kwa nini Kanada na Japani zilibadilishana saa za kutangaza?
2. Mtambo wa kilowati 100 una nguvu sawa na balbu ngapi za wati 100?
3. Geuza kilohezi 12,000 kuwa mita.
4. Taja tofauti kati ya kituo cha Mahe na kituo cha Talata Volonondry baada ya wageni kuondoka.
5. Kwa nini mafundi wa redio walikubali kupatana ingawa hapakuwa na hakimu?

Kazi ya kikundi

Chagueni chombo kimoja kinachotumiwa na watu wengi kijijini kwenu. Zungumzeni kama kuna mkataba ulioandikwa. Kama upo, usomeni kwa sauti, mkitafuta yale mambo sita. Kama haupo, andikeni mmoja kwa pamoja, na mjumbe wenu aupeleke mbele ya mkutano wa kijiji.

*Majibu ya hesabu:* Swali la 2: balbu 1,000. Swali la 3: mita 25.